Chombo Huja Mwisho: Mwongozo wa Kuendeleza Biashara na Kusimamia Miradi ya Anga za Juu

Mwongozo huu ni wa watu walio kazini tayari: mhandisi aliyekabidhiwa mradi wa setilaiti ndogo chuoni, ofisa biashara wa kampuni changa inayotaka kuwauzia wakulima au mashirika ya bima taarifa za setilaiti, na mtumishi wa wizara aliyeagizwa aandike andiko la mradi wa anga za juu kabla bajeti haijafungwa. Wote watatu hukabiliwa na hatari ileile. Teknolojia hii inavutia mno, na kwa mvuto wake watu husahau kuuliza ni nani atakayelipa, na atalipa kwa sababu gani.

Kanuni inayoongoza kurasa hizi ni kwamba chombo huja mwisho. Kwanza anatafutwa mtu mwenye uamuzi wa kufanya na fedha za kulipia taarifa itakayomsaidia. Kisha vinashughulikiwa vibali, ambavyo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kuunda chombo chenyewe. Ndipo vifaa vinapoagizwa. Miradi inayogeuza mpangilio huu hujikuta na setilaiti nzuri kabatini, haina masafa wala mteja.

Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Kati ya mwaka 1967 na 1988 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Baada ya CubeSat kubuniwa mwaka 1999, yaani kile kimchemraba cha sentimita 10 kila upande kilichoasisiwa na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs huko California, gharama ya kuingia ilishuka hadi nchi zetu zikaweza kuimudu. Kenya ilipeleka 1KUNS-PF mwaka 2018, Rwanda RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Mlango uko wazi, na kazi iliyobaki ni ya usimamizi.

Anza na uamuzi wa mteja

Mfano bora wa biashara ya anga za juu katika ukanda huu haukurusha hata msumari. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake ilizindua bima ya mifugo huko Marsabit. Setilaiti zilizokuwa angani tayari hupima ukijani wa malisho. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji mwenye bima analipwa. Hakuna mkaguzi anayekwenda nyikani kuhesabu mizoga, na hilo ndilo lililowezesha bima kufika mahali ambapo gharama ya ukaguzi ingemeza ada yote.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo kila ofisa biashara anapaswa kuikariri. Bima hiyo mwanzoni ilikuwa inakadiria vifo vya mifugo na kulipa baada ya hasara. Fedha zilifika, lakini ng'ombe walikuwa wameshakufa. Baadaye wabunifu wake waliigeuza, ikawa inalipa mapema, malisho yanapoanza kukosekana, ili mfugaji anunue nyasi, maji na dawa na kuokoa mifugo yake. Msingi wa vipimo ulibaki uleule wa ukijani. Kilichobadilika ni siku ya kulipa, na thamani ya huduma kwa mfugaji ikapanda. Kwa hiyo katika biashara hii ubora wa picha ni sehemu tu ya hesabu. Sehemu kubwa ni kama taarifa inafika kabla uamuzi haujapita.

Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ilipeleka Wajir bidhaa ya aina hiyo inayofuata sharia, kwa kuwa wafugaji wengi wa huko wasingenunua bima ya kawaida. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia ada wafugaji wasiojiweza. Hapa tunaona watu watatu tofauti: anayetumia huduma ni mfugaji, anayeiuza ni shirika la bima, na anayelipa sehemu kubwa ni serikali. Kabla ya kuandika mpango wa biashara, andika majina ya hao watatu katika mradi wako. Ukishindwa kumtaja mlipaji kwa cheo na idara, huna biashara bado. Ulicho nacho ni utafiti, nao una heshima yake, ila uombewe fedha za utafiti.

Ukikutana na mteja, usianze kumwonyesha picha za rangi. Muulize maswali manne na unyamaze: Ni uamuzi gani unaoufanya kila msimu? Unaufanya siku gani? Sasa hivi unatumia taarifa gani? Ukikosea unapoteza kiasi gani? Jibu la swali la nne ndilo dari ya bei yako. Mwenye shamba la miwa anayepoteza milioni mbili kwa kuchelewa kumwagilia hatakulipa milioni tatu umwambie lini amwagilie.

Kama mlipaji ni serikali, kalenda yake ndiyo kalenda yako. Mwaka wa fedha Kenya, Uganda na Tanzania huanza Julai Mosi. Huduma ambayo haikuingia katika makadirio ya idara miezi kadhaa kabla ya hapo itasubiri mwaka mzima, hata kama katibu mkuu ameipenda. Jisajili mapema katika mifumo ya ununuzi, kama NeST kwa Tanzania, na usisubiri zabuni itangazwe ndipo uanze kutafuta hati za kodi.

Waeleze wateja mapema pia mipaka ya kipimo. Itatokea msimu ambao kipimo kitasema nyasi zipo, na mfugaji akaona kwa macho yake ng'ombe wanadhoofu, labda kwa sababu ukijani ule ni wa vichaka visivyoliwa. Mkataba useme mapema malalamiko yanapelekwa kwa nani na yanachunguzwa vipi. Imani ikivunjika kijijini hairudi kwa tangazo la redio.

Je, unahitaji setilaiti yako mwenyewe?

Mara nyingi jibu ni hapana, na msimamizi mwadilifu atalisema hata kama timu yake inatamani kujenga. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa za bure tangu 2008, zikiwa na ukali wa mita 30. Sentinel-2 za Ulaya hutoa bure picha za mita 10, na kwa setilaiti mbili mahali palepale huonwa kila baada ya siku 5. Mawingu ya masika yakifunika nyanda za juu, rada ya Sentinel-1 hupenya. Kamera inayoingia katika chombo chenye ukubwa wa mkate haitashindana na hizo kwa ubora wa picha, na mwekezaji anayejua kazi hii atakuuliza swali hilo katika dakika ya kwanza.

Setilaiti yako inakuwa na hoja pale inapofanya jambo ambalo lililopo halifanyi: kukusanya vipimo vya visima na mito kutoka mahali pasipo na mtandao wa simu, kupita saa ambayo nyingine hazipiti, au kubeba kifaa kipya kinachopaswa kuthibitishwa angani. Ipo na sababu nyingine, nayo ni kujenga wataalamu wa nchi. Naiheshimu sana sababu hii. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya na kuchukua miaka miwili hivi, wahandisi wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria. Wahandisi wa Uganda waliijenga setilaiti yao wakiwa masomoni Kyushu Institute of Technology, Japani. Kama lengo ni ujuzi, liandikwe hivyo waziwazi, na mradi upimwe kwa watu: wangapi wamefunzwa, wangapi wamebaki kazini, wangapi wanaweza kuongoza mradi wa pili. Kuuza mradi wa mafunzo kana kwamba ni mradi wa mapato ni kuwatesa vijana wale, maana wataitwa walioshindwa ilhali walifanya walichotumwa.

Ukiamua kujenga, andika lengo la chombo kwa sentensi moja ambayo mtu asiye mhandisi anaielewa. Setilaiti iliyorushwa San Marco tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na kupewa jina la Uhuru, ilikuwa na lengo la namna hiyo: kuchora ramani ya vyanzo vya eksirei katika anga lote. Maamuzi mengine yalitoka humo. Hata kurushwa kutoka ikweta kulikuwa na sababu, kwa kuwa obiti ya ikweta hukwepa eneo la mionzi lililo juu ya Atlantiki ya Kusini ambalo lingevuruga vipimo. Marjorie Townsend wa NASA ndiye aliyesimamia mradi huo, na orodha iliyotoka ilikuwa na vyanzo zaidi ya 300. Mtu akija na pendekezo la kuongeza kifaa cha pili na cha tatu, lisomeni tena sentensi ya lengo kabla ya kumjibu.

Vibali vishughulikiwe mwezi wa kwanza

Sehemu hii huachwa kwa ofisa mdogo na hilo ni kosa. Setilaiti isiyo na masafa ya redio yaliyosajiliwa haiwezi kusema neno. Maombi hupitia mamlaka ya mawasiliano ya nchi, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, nayo huyapeleka Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulioko Geneva, ambako nchi nyingine hupewa nafasi ya kutoa pingamizi. Hakuna anayeweza kuliharakisha hilo kwa kupiga simu. Masafa ya redio ya ridhaa yana utaratibu wake wa ziada kupitia IARU, umoja wa kimataifa wa redio hiyo, nayo hayaruhusiwi kwa biashara. Chuo kinachotarajia kuuza data siku za usoni kisijifungie humo kwa sababu tu ni rahisi.

Yaliyoipata Swarm Technologies ya Marekani yanatosha kumwamsha yeyote. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliinyima kibali kwa kuhofia kwamba vyombo vyake vilikuwa vidogo mno kufuatiliwa kutoka ardhini. Januari 2018 kampuni ikavirusha hata hivyo kwa roketi ya India. Mwisho wa mwaka huo ililipa faini ya dola 900,000.

Kibali cha pili ni cha nchi yako. Kwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, nchi inawajibika kuidhinisha na kusimamia shughuli za kampuni zake huko juu, na kwa Mkataba wa Dhima wa 1972 nchi iliyorusha au iliyogharimia urushaji hubeba dhima ya madhara yatakayotokea ardhini. Hii si nadharia kwetu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likalazimika kuifanyia uchunguzi. Hakuna aliyeumia. Unapokwenda kwa shirika la anga au wizara inayohusika, kumbuka kwamba unaiomba serikali ibebe dhima kwa niaba yako. Nenda na makadirio ya mahali chombo kitakapoanguka na kwa muda gani, na barua yako itasomwa kwa uzito.

Ukinunua vifaa vya Marekani, soma pia sheria zao za kudhibiti teknolojia kabla ya kulipa. Zinaweza kukuzuia kumwonyesha mshirika wa nchi ya tatu hata mchoro.

Fedha na muda

Urushaji wa kuchangia roketi umeshusha bei sana. Muda mfupi baada ya kuanzisha huduma yake, SpaceX ilitangaza dola milioni moja kwa kilo 200, na bei kwa kilo imekuwa ikipandishwa tangu hapo. Lakini tiketi si safari nzima. Weka katika bajeti kisanduku cha kuachilia chombo angani, usafirishaji, bima, safari za wahandisi, ada za vibali, kituo cha ardhini, na mishahara ya waendeshaji kwa muda wote wa uhai wa chombo. Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi.

Malipo mengi ni ya dola na mapato yako ni ya shilingi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Mradi uliosaini mkataba wa urushaji wakati mmoja na kulipa wakati mwingine ungeona tofauti ya karibu moja ya tano. Napendekeza akiba isiyopungua asilimia 20 ya fedha, na muda kwa kiwango hichohicho, iliyo chini ya msimamizi mwenyewe na isiyogawanywa kwa idara. Kila idara ikishika akiba yake, itaitumia.

Tarehe ya kurushwa si yako. Taifa-1 iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, nayo ilikuwa na wenzake wapatao 50 katika roketi moja. Upande wa pili, roketi ya kuchangia haimngoji abiria aliyechelewa. Soma kifungu cha mkataba kinachoeleza kinachotokea ukikosa safari: kama unahamishiwa nyingine, kwa ada gani, na mara ngapi.

Kabla ya kuahidi picha kwa mteja, fanya hesabu ya data kwa mkono. Redio ya biti 9,600 kwa sekunde, chombo kikipita juu ya kituo chako dakika 8, inashusha kama kilobaiti 576, tena bila kutoa makosa na marudio. Picha moja ya megabaiti 5 itahitaji mapito 9. Chombo cha obiti ya ncha hadi ncha hupita juu ya kituo kilicho karibu na ikweta mara chache, mara nyingi nne hivi kwa siku. Picha moja basi inachukua zaidi ya siku mbili. Ndiyo maana wengi hukodi vituo vya Svalbard, Norwe, karibu na ncha ya kaskazini, ambako kila mzunguko wa chombo cha namna hiyo huonekana. Chombo kinachozunguka karibu na ikweta hali yake ni kinyume, na hapo Malindi ni mahali pazuri kuliko Svalbard. Aliyemwahidi mteja taarifa kila asubuhi bila kuifanya hesabu hii amesaini mkataba asioweza kuutimiza.

Mipaka kati ya timu

Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinafika Mirihi. Programu ya ardhini ya mkandarasi ilitoa msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na waongozaji wakausoma kama nyutoni-sekunde. Wahandisi wa pande zote mbili walikuwa hodari. Hati inayolinda mpaka kati yao ilikuwapo; kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuuliza kila wiki kama inafuatwa.

Katika miradi yetu mipaka hii ni mingi zaidi, kwa kuwa betri hutoka nchi moja, kompyuta nyingine, na antena hutengenezwa chuoni. Kwa kila mpaka, andikeni hati moja yenye vipimo vya kimataifa, volti, plagi na mpangilio wa pini zake, na jina la anayewajibika kila upande. Isainiwe. Badiliko lolote lipite kwa msimamizi hata kama mtoa huduma ni rafiki. Mapitio ya usanifu wa awali na wa kina yafanywe mbele ya watu wa nje ya mradi wenye ruhusa ya kusema bado. Mapitio ambayo kila mtu anajua yatapita ni kupoteza chai.

Majaribio hayapunguzwi

Muda ukibana, kitu cha kwanza kukatwa huwa majaribio ya mfumo mzima, kwa sababu yako mwishoni. Michael Swartwout wa Saint Louis University, ambaye amefuatilia setilaiti ndogo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya setilaiti za kwanza za vyuo hazitimizi kazi yake, na ufinyu wa majaribio hayo ni sababu inayojirudia. Mtetemo, joto na ombwe hupimwa kwa sababu mrushaji anadai. Jaribio ambalo hakuna anayelidai ni kukiacha chombo kiishi siku yake.

Fanyeni hivi. Kiwekeni mezani kikiwa kimefungwa kama kitakavyoruka, kwa betri yake, bila waya hata mmoja wa kompyuta. Mtu mmoja achomoe pini ya usalama yenye utepe mwekundu, ile inayokizuia chombo kuwaka, na saa ianze. Kwa kanuni za CubeSat antena zisifunguke kabla ya dakika 30, na redio isitume kabla ya dakika 45. Kaeni mkingoja, msikiguse. Antena ikifunguka, mtu aliye jengo la pili na redio ya kituo halisi apokee ishara, atume amri, apate jibu. Kisha zimeni kwa makusudi kompyuta kuu muone kama inajiwasha. Acheni betri ishuke hadi chombo kijilinde, halafu muone kama kinarudi kwenye taa za jua za bandia. Rudieni kwa siku kadhaa, usiku na mchana, na waendeshaji walewale watakaokuwa zamu. Hitilafu zitakazojitokeza hapo zinatibika kwa bisibisi na saa mbili za kazi.

Uendeshaji na mwisho wa chombo

Chombo kinachoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, kwa kawaida huungua angani ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mpango wa mapato wa miaka mitano hauwezi kusimama juu ya chombo cha aina hiyo kimoja. Ukikipeleka juu zaidi kitaishi zaidi, lakini utawajibika kukishusha: Septemba 2022 FCC ilipitisha kanuni inayotaka vyombo vya obiti ya chini viondoke ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi, badala ya mwongozo wa zamani wa miaka 25, na wanaotafuta kibali cha Marekani wanabanwa nayo.

Mkataba wa mteja uwe na ukurasa wa siku chombo kitakapokaa kimya: atapewa data gani mbadala, ndani ya siku ngapi, na nani analipia. Tayarisha chanzo mbadala mapema, hata kama ni Sentinel-2 yenye ukali tofauti, na umwonyeshe mteja sampuli yake kabla hajaihitaji. Hifadhi data ghafi mahali pawili. Amri za kuzima redio na kumaliza nguvu ya betri zijaribiwe ardhini pamoja na nyingine zote, na ikifika siku ya kuzituma, arifu mamlaka ya mawasiliano na shirika la anga ili masafa yaachwe huru na daftari la vyombo vya nchi lirekebishwe.